Chipu na Jina la Kibiashara: Ufafanuzi wa Adapta ya USB ya Mtandao Pasiwaya

Makala hii inafafanua namna kompyuta ya mezani isiyo na uwezo wa kupokea mtandao pasiwaya inavyoweza kupewa uwezo huo kwa adapta ndogo ya USB. Aghalabu kazi hii huchukuliwa kuwa ni ya kuchomeka tu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kinachoamua iwapo adapta itafanya kazi ni chipu iliyomo ndani yake, wala si jina lililochapwa kwenye kasha.

Adapta ya aina hii ni redio ndogo yenye antena na chipu. Inapochomekwa, hujitambulisha kwa kompyuta kwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Mfumo endeshi hutumia namba hizo kutafuta programu kiendeshi inayoafikiana na chipu. Isipopatikana, kifaa hubaki kimya hata kama taa yake inawaka. Katika Linux, namba hizo huonekana kwa amri ya lsusb.

Mfano ulio bayana ni adapta ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo kiendeshi chake, ath9k_htc, kimo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Kwa sababu hiyo lilipendwa sana na wachunguzi wa usalama wa mitandao. Toleo la pili lilikuja na chipu ya Realtek RTL8188EUS, ilhali jina halikubadilika. Mtu aliyesoma sifa za toleo la kwanza kisha akanunua la pili alipata, kwa hakika, kifaa kingine. Dalili pekee ilikuwa namba ya toleo kwenye lebo, ambayo wanunuzi wachache huisoma kabla ya kulipa.

Kikwazo kingine ni cha kimantiki: kiendeshi hupatikana kwenye intaneti, na intaneti ndiyo inayokosekana. Diski inayofungashwa pamoja na adapta haisaidii pale ambapo kompyuta haina mahali pa kuisomea. Zipo pia adapta ambazo, zinapochomekwa mara ya kwanza, hujionyesha kama diski yenye kiendeshi cha Windows. Katika Linux, programu ya usb_modeswitch huzigeuza ziwe redio. Njia nyepesi zaidi ni kuunganisha simu kwa kebo ya USB na kuazima intaneti yake kwa muda, au kupakua kiendeshi kwenye kompyuta nyingine na kukihamisha kwa fleshi.

Kuhusu kasi, namba ya kwenye kasha ni ya kinadharia. Tundu la USB 2.0 lina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, na la USB 1.1 megabiti 12 tu. Adapta ya megabiti 150 ikichomekwa katika tundu hilo la zamani haiwezi kuvuka 12. Hata hivyo, tundu jipya si salama wakati wote. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya kiumeme katika masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na adapta nyingi za bei nafuu. Kebo fupi ya kurefushia, inayoiweka adapta mbali na diski ya nje na nyuma ya kasha la chuma la kompyuta, mara nyingi hurejesha mawimbi yaliyodhaniwa kuwa ni dhaifu.