KUMBIKUMBI NDIYE MAMA WA MCHWA

Wewe unayeishi Kasulu au Kibondo unaifahamu vizuri siku ya kumbikumbi. Mvua za kwanza zinanyesha. Ardhi inalowa. Kumbikumbi wanatoka katika vichuguu kwa maelfu. Watoto wanakimbilia ndoo. Kuku wanashiba. Kesho yake kikaango kinanukia nyumba nzima.

Je, umewahi kujiuliza, wale wasiokamatwa wanakwenda wapi?

Kumbikumbi ni mchwa. Ni ndugu wa wale mchwa wanaoangusha mahindi yako shambani na kula nguzo za nyumba yako. Tofauti ni kwamba yeye ana mabawa manne. Jike anakwenda kuwa malkia. Dume anakwenda kuwa mfalme.

Chumba cha watu wawili

Kumbikumbi akitua anayakata mabawa yake. Ndiyo maana asubuhi unayakuta yametapakaa uani. Kisha jike anatembea mbele, na dume anamfuata nyuma. Wanachimba chumba kidogo katika udongo laini. Wanaingia na kuziba mlango.

Humo ndani hakuna chakula. Wanaishi kwa mafuta ya miili yao. Mafuta yale unayoyaona kwenye kikaango ndiyo akiba ya malkia. Hata nyama iliyokuwa ikiendesha mabawa inageuka kuwa chakula.

Baada ya siku chache jike anataga mayai. Mayai yakianguliwa, mama na baba wanawalisha watoto kwa midomo yao. Watoto hao wanakuwa wafanyakazi. Miezi michache ikipita, wanafungua njia na kwenda kutafuta majani na miti mikavu. Kwa vitu hivyo wanalima uyoga chini ya ardhi, na uyoga huo wanaula. Ule uyoga unaouchuma kwenye kichuguu wakati wa mvua unatoka katika shamba lao.

Sasa kazi ya malkia ni kutaga tu. Tumbo lake linavimba hadi anakuwa mrefu kama kidole chako. Anataga maelfu ya mayai kwa siku. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kwa sisimizi, dume hufa mara baada ya kumpanda jike. Kwa mchwa, mfalme anaishi na malkia wake.

Wengi hawafiki

Ndege, vyura, sisimizi na watu hula kumbikumbi wengi. Wengine hufa ndani ya chumba chao kabla watoto hawajakua. Katika maelfu wanaoruka, wachache sana ndio wanaopata kichuguu. Lakini wakifanikiwa karibu na nyumba yako au shamba lako, hasara ni yako.

Tufanye nini?

1. Kamata kumbikumbi. Weka taa juu ya beseni la maji, nao wataanguka humo. Ni chakula chenye mafuta na cha kujenga mwili. Usile wale waliotoka mahali palipopulizwa dawa ya wadudu.

2. Ziba nyufa za msingi wa nyumba kabla ya mvua. Usirundike kuni wala mabua ukutani.

3. Mahindi yakikauka, yavune mapema. Mchwa hukata mabua, na mahindi yanaanguka chini. Yaokote upesi. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumu, usiyale. Ghala liwe juu ya ardhi.

4. Kichuguu kikikusumbua, usibomoe juu tu. Mchwa watakijenga tena. Chimba hadi umpate malkia, umtoe. Kundi likikosa malkia mara nyingi hufa.

Usiharibu kila kichuguu. Kile kilicho mbali na nyumba na mazao kina faida. Kinakupa kumbikumbi, uyoga, na udongo mzuri wa matofali. Mchwa pia huozesha majani na miti iliyokufa, na ardhi inapata rutuba.

Basi, kagua nyumba yako na shamba lako sasa, kabla mvua hazijaanza. Kazi ikikushinda, mwone bwana shamba wa kata yako.