Kabla ya Kubadilisha Mfumo wa Kompyuta, Weka Nakala Kwanza



Katika ziara zetu tunaona kwamba siku hizi karibu kila ofisi ya parokia ina kompyuta moja au mbili. Nyingi ni za mitumba, au tulipewa na marafiki. Humo ndimo mlimo majina ya waliobatizwa, habari za wagonjwa wa zahanati, karo za vijana wa chuo cha ufundi na akiba ya vikundi vya kina mama. Mashine yaweza kununuliwa tena. Maandishi hayo yakipotea, hakuna duka linaloyauza.

Mfumo endeshi ni nini?

Ni ile programu kubwa inayoamka unapowasha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Ofisi nyingi zilizoea Windows 10, iliyotolewa mwezi wa Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya bure ya usalama. Mashine hazikuzimika siku hiyo, na ndiyo sababu wengi wanatuuliza, "Mbona yangu bado inafanya kazi?"

Inafanya kazi, ndiyo. Lakini fikiria nyumba ya udongo. Kila mvua hutoa ufa mpya, na fundi huja kuuziba. Sasa fundi haji tena, ila mvua haijakoma.

Hatari iko wapi?

Mwezi wa Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani. Kilifunga mafaili ya watu na kudai pesa ndipo yafunguliwe. Huko Uingereza, hospitali nyingi zililazimika kuahirisha kuwaona wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba marekebisho ya kuzuia kirusi hicho yalikuwa yametolewa mwezi wa Machi, miezi 2 kabla. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka.

Tena, hapa Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Anayetunza habari za watu anatakiwa kuzilinda. Basi jambo hili si la fundi peke yake. Ni la kamati nzima.

Je, mashine yako inafaa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, halafu bonyeza Enter. Utaonyeshwa toleo ulilo nalo. Windows 11 inahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Wakati mwingine kichipu hicho kipo lakini kimezimwa. Fundi anaweza kukiwasha. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inatakiwa kizazi cha 8 na kuendelea. Ukiona imeandikwa i5-6300U, hiyo ni ya kizazi cha 6, na haimo katika orodha. Angalieni hapo pia kabla ya kununua kompyuta ya mtumba.

Yaliyotupata sisi

Hatusemi haya kama watu wasiokosea. Ofisini kwetu tulianza kubadilisha mfumo siku moja mchana, bila kuweka nakala. Kazi ilipofika katikati, stima ikapotea. Ilipowaka tena, kompyuta haikuamka. Tulipoteza hesabu za miezi 4 za kikundi cha akiba. Kilichotuokoa ni vile vitabu vidogo vya wanachama. Kina mama walivileta, nasi tukakaa wiki nzima tukiandika upya, shilingi kwa shilingi. Hakuna aliyetukemea, lakini aibu tuliiona.

Hatua za kufuata

1. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje au flashi. Fanya nakala 2, na moja iwekwe nje ya ofisi.

2. Fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine uone kama zinasomeka. Nakala isiyofunguka ni kazi bure.

3. Uliza kama programu yako ya hesabu na printa yako vitakubali mfumo mpya.

4. Tafuta mahali penye intaneti ya kutosha, maana utavuta gigabaiti kadhaa. Hakikisha una betri yenye chaji au stima ya kuaminika.

5. Ingia Settings, halafu Windows Update. Kwa mwenye Windows 10 halali, kwenda Windows 11 ni bure. Asiwepo mtu wa kukuuzia barabarani.

6. Mambo yakienda vibaya, kwa kawaida una siku 10 za kurudia mfumo wa zamani.

Na mashine ikikataa?

Usiitupe. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza ulinzi wa Windows 10: kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mashirika ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei hiyo huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 3. Kwa mifuko yetu, hiyo ni mzigo.

Njia nyingine ni mfumo wa bure kama Linux Mint, ambao hukubali mashine nyingi za zamani. Ukitumia LibreOffice, nayo ya bure, utafungua barua na hesabu zako za Word na Excel. Ila programu nyingine za Windows hazitakubali humo, kwa hiyo jaribuni kwanza kwa mashine moja. Na ikiwa hakuna njia hata moja, itoeni kompyuta hiyo kwenye intaneti, itumike kuchapa tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamati zetu zikikutana mwezi huu, tunaomba swali moja liwekwe kwenye ajenda: nakala zetu ziko wapi, na nani alizifungua mara ya mwisho?