VIAZI VYA KRISMASI HUANZA AGOSTI

Disemba ikibisha hodi, kila boma huku milimani hutaka viazi. Wageni watatoka mjini, mukimo utapondwa, chipsi zitakaangwa, na mzazi naye anahesabu senti za karo ya Januari. Lakini wengi huvuna Januari, sherehe zimekwisha na soko limefurika. Je, kwa nini wachelewe ilhali mvua ya vuli hunyeshea mashamba yote? Jibu ni kwamba viazi vya Krismasi havipotelei shambani. Hupotelea ghalani, mwezi wa Agosti.

Hebu tuhesabu kurudi nyuma. Shangi, aina inayopendwa sana na wakulima wa Kenya, huchukua takriban miezi mitatu kukomaa. Ukitaka kuvuna tarehe 20 Disemba, basi mbegu iwe udongoni kufikia tarehe 20 Septemba. Anayengoja mvua ikolee katikati ya Oktoba atavuna katikati ya Januari. Tena huyo anaweza kukutana na adui mwingine, sakitu. Mvua ikishakatika, usiku wa Kinangop na Ol Kalou hukosa mawingu, joto la ardhi hupaa, na asubuhi utapata majani yameungua kana kwamba yamemwagiwa maji moto.

Sasa tuje kwa mbegu. Kiazi kikitoka kuvunwa hulala kwanza. Hata ukikipanda kwenye udongo wenye rutuba, hakioti mpaka macho yake yaamke. Bahati nzuri ni kwamba Shangi hulala wiki chache tu, kwa hivyo viazi vya Julai huwa tayari vimechipua Septemba ikifika. Ukipanda kiazi kilichochipua, umeokoa siku ambazo kingezimaliza kikiamka chini ya udongo.

Lakini usivifungie ndani ya gunia! Gizani chipukizi hurefuka likitafuta mwanga, likawa jeupe na jembamba, na ukiligusa tu linavunjika. Vitandaze juu ya rafu ya fito, tabaka moja au mbili, chini ya paa, mahali penye hewa na mwanga lakini pasipopigwa na jua. Hapo chipukizi huwa fupi, nene na lenye nguvu. Viazi vyenyewe vitageuka kijani. Hivyo ni vya kupanda, si vya sufuria, kwa maana huwa na sumu iitwayo solanini.

Kuna desturi moja ambayo sina budi kuitaja, hata kama wazee watanikunjia uso. Nyumbani viazi vikubwa huuzwa, vya wastani huliwa, na vile vidogo vinavyobaki ndivyo vinaitwa mbegu. Kumbe mara nyingi kiazi huwa kidogo kwa sababu mmea uliokizaa ulikuwa mgonjwa, na ugonjwa huo husafiri ndani ya mbegu hadi msimu unaofuata! Dawa yake haigharimu hata ndururu. Mimea ikitoa maua, chomeka vijiti kando ya ile yenye afya. Siku ya kuvuna, ing'oe hiyo kwanza, kisha uchague mbegu za ukubwa wa yai la kuku.

Wakati wa kupanda, acha sentimita 75 baina ya mistari na 30 baina ya mbegu. Ikiwa udongo bado ni mkavu, mwagilia mpaka mvua ije. Mimea ikifika sentimita 20 hivi, ipandishie udongo ili viazi visichungulie jua.

Novemba sisi wanafunzi huwa likizoni, na kazi kubwa ni kulinda. Mvua na ukungu huleta ugonjwa wa baka, ambao hutia majani madoa meusi na kuyaozesha kwa siku chache. Huu si ugonjwa wa kuchezewa. Ndio ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka wa 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Dawa nyingi hulinda jani ambalo bado ni zima, kwa hivyo anayenyunyiza baada ya shamba kuwa jeusi anatupa pesa tu.

Tarehe 6 Disemba, fyeka majani yote na uviache viazi ardhini wiki mbili. Ngozi itakomaa, wala haitachubuka kwa jembe au safarini. Ukiuza, kumbuka kwamba kanuni za mwaka wa 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Dalali akikuletea gunia lenye kilemba kirefu, mwonyeshe mizani. Na usiweke Shangi ghalani ukingoja bei ipande, kwani itachipua tena mbele ya macho yako.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utampata mwana si wako. Basi wenzangu, Agosti ijayo tukiwa likizoni, tupande dari tukayatazame magunia ya mbegu. Kama bado yamefungwa, tuyafungue siku hiyo hiyo.