Una mkono mwembamba? Chunga saa unayoivaa

IWAPO ngozi ya nyuma ya kidole gumba chako imekuwa ikifa ganzi, au inawaka kana kwamba imepakwa pilipili, hebu vua saa kwanza kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Haya ni malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara. Mgonjwa huja akidhani ana baridi yabisi au ameanza kupooza, na huenda amekwisha kumeza dawa za maumivu kwa wiki kadhaa. Ukimwambia akunje shati ndipo unapokutana na saa pana kama kisahani cha chai, imekazwa hadi tundu la mwisho. Wakati mwingine hata tundu hilo halikutosha, likaongezwa jingine kwa msumari. Mkono wenyewe ni mwembamba. Saa ilikuwa ikizunguka na kuangukia upande wa kiganja, naye mwenyewe akaona dawa ni kuikaza.

Upande wa kidole gumba, juu ya kifundo cha mkono, upo mshipa mdogo wa fahamu unaotoka chini ya misuli na kupita karibu kabisa na ngozi. Kazi yake ni kupeleka hisia za nyuma ya mkono kuanzia kidole gumba hadi vidole vinavyofuata. Hauendeshi msuli hata mmoja, na ndiyo maana mgonjwa anaweza kushika kalamu na kubeba ndoo vizuri ilhali ngozi yake imekufa ganzi. Mtu mnene ana mafuta ya kuukinga mshipa huo. Wewe mwembamba una ngozi, mshipa na mfupa, basi. Mkanda ukibana, mshipa huo hufinywa kati ya chuma na mfupa kutwa nzima. Daktari wa mishipa ya fahamu Robert Wartenberg alieleza maradhi ya mshipa huu mwaka wa 1932, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Pingu zilizokazwa sana huleta madhara yayo hayo.

Usichanganye hali hii na nyingine. Ganzi ikiwa upande wa kiganja, kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, tena ikikuamsha usiku, huo ni mshipa tofauti unaofinywa mahali tofauti. Na mkono ukiishiwa nguvu ghafla, mdomo ukipinda au maneno yakikataa kutoka, hiyo si kazi ya saa. Ni dalili za kiharusi, na mtu huyo anapaswa kufikishwa hospitalini mara moja.

Tiba ya mshipa uliobanwa na saa ni rahisi: ivue. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache, ingawa wengine huchukua miezi. Ukiona wiki sita zimepita bila mabadiliko, muone daktari, na uombe upimwe sukari pia, kwa maana kisukari hudhoofisha mishipa ya fahamu na kuifanya iumie upesi.

HAYA YA WEMBAMBA

Lakini kwa nini mtu avae saa isiyomfaa? Nadhani, hasa kwa wanaume, ni haya. Katika miji yetu wembamba una jina baya. Nchini Uganda katika miaka ya 1980, Ukimwi uliitwa 'slim', na kuanzia wakati huo ilitosha mtu kuwa na mikono myembamba ili majirani waanze kunong'onezana. Saa kubwa ikawa njia ya kuujaza mkono. Kwa bahati mbaya haiujazi. Huufanya uonekane mwembamba zaidi, kama mwiko uliovishwa sufuria.

Hakuna ugonjwa katika kuwa na mifupa myembamba. Umerithi kwa wazazi. Daktari hujali zaidi mkono uliobadilika, na hilo nitalirudia.

PIMA KABLA YA KULIPA

Chukua uzi, uzungushe kwenye kifundo pale unapoivaa saa, kisha uupime kwa rula. Fanya hivyo jioni, maana mikono huvimba kidogo kwa joto la mchana. Ukipata sentimita 16 au chini yake, hesabu mkono wako kuwa mwembamba, na utafute saa yenye uso wa milimita 32 hadi 36. Zile za milimita 42 na kuendelea, zinazojaa kwenye meza za wachuuzi, waachie wenye mikono yao.

Kipimo kinachosahauliwa ni urefu wa saa kutoka juu hadi chini, yaani kati ya zile pembe mbili zinazoshika mkanda. Laza mkono mezani. Pembe hizo zikitokeza nje ya kingo za mkono, saa hiyo haitatulia hata uikaze vipi. Mkono wenye mzingo wa sentimita 15 huwa na upana wa kama sentimita 5 tu, kwa hiyo saa yenye urefu wa sentimita 5 imekwisha kukushinda. Tazama unene pia. Saa nene huelemea upande mmoja, na kile kitufe cha kurekebishia majira hukuchoma nyuma ya mkono kila unapoegemea kiganja.

Usione haya kuuliza saa za wanawake au za vijana. Babu zetu waliovaa saa katika miaka ya 1950 na 1960 walivaa nyingi za milimita 33 hadi 36, na hakuna aliyewaita wanawake. Ukibahatika kupata moja ya zama hizo kwa fundi wa saa, yule anayekaa kwenye baraza ya duka na lenzi jichoni, inaweza kukufaa kuliko mpya.

Baada ya kuivaa, ingiza kidole chako cha mwisho chini ya mkanda. Kisipopita, umebana. Mkanda wa ngozi au wa kitambaa mwachie fundi wa viatu autoboe vizuri, na ule wa chuma apunguze vipande fundi wa saa. Ni kazi ya dakika chache na gharama yake ni ndogo kuliko ya kumuona daktari.

Kwa upande wa bei, wembamba una neema yake. Saa ndogo na nyepesi za plastiki ndizo rahisi kuliko zote. Casio F-91W, iliyotoka mwaka wa 1989, ina upana wa milimita 35 hivi, unene wa milimita 8.5 na uzito wa gramu 21. Watu wa kila tabaka wameivaa. Tatizo ni kwamba bandia zake ni nyingi. Nunua kwenye duka linalotoa risiti, hata kama barabarani ungepunguziwa mia tano.

UPELE CHINI YA SAA

Bei hafifu ina mtego wake nao ni nikeli, madini yanayotumiwa kuchanganya na kupaka vyuma vya bei nafuu ving'ae. Jasho huyayeyusha, yakaingia kwenye ngozi, na mwili wa mtu mwenye mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, hupigana nayo. Matokeo ni ukurutu: ngozi inawasha, inatoa vipele vya majimaji, halafu inakuwa nyeusi na nene. Mara nyingi doa hilo lina umbo la bizimu au la mgongo wa saa. Wengi hupaka dawa ya mba mwezi mzima bila kupona, kwa sababu hapakuwa na mba.

Kama umewahi kuwashwa na hereni za bei rahisi au kitufe cha suruali ya jinzi chini ya kitovu, jua kwamba wewe ni wa kundi hilo. Mzio huu ukishaingia hautoki, kilichobaki ni kuepuka chuma chenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka wa 1994 ya kupunguza nikeli inayotoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, zikiwemo saa.

Ukigeuza saa na kusoma maneno 'Stainless Steel Back', uelewe kwamba yanazungumzia kifuniko cha nyuma peke yake. Sehemu nyingine inaweza kuwa chuma duni kilichopakwa rangi ya fedha. Chuma kizuri kisichoshika kutu kina nikeli pia, lakini imeshikwa imara na haitoki kwa urahisi, hivyo wengi wenye mzio hukivumilia. Walio na mzio mkali watafute saa ya plastiki au ya titani, na bizimu nayo isiwe ya kung'aa ovyo.

Si kila upele ni nikeli, lakini. Sabuni na jasho vikinaswa chini ya mkanda hutosha kuichubua ngozi. Vua saa unapooga, osha mkanda, uukaushe, na usilale nayo.

Hizi saa za kisasa zinazounganishwa na simu sitazizungumzia sana. Nyingi ni kubwa kwa mkono mwembamba, na zikilegea, ile taa ya mgongoni inayosoma mapigo ya moyo husoma vibaya. Ila kuna jambo moja nisilotaka likupite. Zipo za bei rahisi zinazouzwa kwa madai kwamba hupima sukari ya damu bila kutoboa kidole. Mnamo Februari 2024, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya matibabu, FDA, ilionya kwamba haikuwa imeidhinisha saa yoyote ya aina hiyo. Mgonjwa wa kisukari anayepima kipimo cha insulini kwa kutegemea saa kama hiyo anaweza kuzimia, au kufa.

SAA INAPOLEGEA

Sasa nirudi kwenye mkono uliobadilika. Mkanda wa saa una matundu, na matundu hayo ni kipimo ambacho huwezi kukidanganya. Ikiwa miaka mitatu umefunga tundu la nne, kisha ndani ya miezi michache umefika la sita bila kujinyima chakula wala kuanza mazoezi, nenda kwenye mizani. Mtu wa kilo 60 aliyepoteza kilo 3 au zaidi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila kukusudia anapaswa kuchunguzwa. Tunatafuta kifua kikuu, kisukari, virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, saratani, na huzuni nzito inayomnyima mtu hamu ya kula. Usiende kwa fundi aongeze tundu halafu ukanyamaza. Mengi ya haya yana tiba, na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

Saa inayoanza kubana nayo, pamoja na pete kukataa kutoka na miguu kuvimba, ni sababu ya kumuona daktari. Kwa mama mjamzito asingoje kesho, hasa kichwa kikimuuma au macho yakiona ukungu, maana huenda shinikizo la damu limepanda.

Jambo la mwisho la kuangalia dukani ni sekunde, ziwe za mshale au za tarakimu. Uso uliojaa mapambo bila sekunde hautakusaidia usiku mtoto anapokohoa. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja ni 50 au zaidi, na kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano ni 40 au zaidi. Ukifikia idadi hizo, au ukiona nyama za chini ya mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi, huenda ni nimonia. Mpeleke hospitalini usiku huo huo.