Viporo vya gemu: Kwa nini michezo hununuliwa na kulala bila kuchezwa

MASHABIKI wa soka nchini wanalifahamu vyema neno kiporo. Chakula kilicholala tangu jana ni kiporo, na mechi ambayo Simba au Yanga haikuicheza kwa wakati wake kwa kuwa ilikuwa ikiiwakilisha nchi katika michuano ya Afrika nayo huitwa kiporo. Timu hurejea, Bodi ya Ligi hupanga tarehe, na kiporo huliwa.

Katika ulimwengu wa michezo ya video, ambayo vijana wa mijini na vijijini huiita gemu, kuna viporo vya aina nyingine ambavyo havina bodi ya kuvipangia tarehe. Ni gemu zilizokwisha kununuliwa, zikiwa ndani ya kompyuta au juu ya rafu, lakini mwenyewe hajapata kuzicheza.

Ukubwa wa jambo hili ulianza kuonekana kwa takwimu mwaka 2014, pale mtandao wa habari za teknolojia wa Ars Technica wa Marekani ulipochunguza sampuli ya akaunti za wateja wa Steam, duka la gemu za kompyuta lililoanzishwa na kampuni ya Valve mwaka 2003. Uchunguzi huo ulikadiria kuwa kati ya gemu zipatazo milioni 781 zilizokuwa zimesajiliwa katika akaunti za Steam, takriban asilimia 37 hazikuwa zimefunguliwa hata mara moja.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Duka hilo hutoa punguzo kubwa la bei mara kadhaa kwa mwaka, na gemu iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya mkoba wa shule hushuka ikawa bei ya soda. Mteja huona hasara kuiacha. Anachosahau ni kwamba bei iliyopungua ni ya gemu tu; muda wa kuicheza haukupunguzwa hata dakika moja. Gemu ya The Witcher 3, iliyotoka mwaka 2015, huhitaji zaidi ya saa 50 kuimaliza hata kwa mchezaji asiyepita njia za pembeni. Mfanyakazi anayepata saa mbili za mapumziko usiku ataimaliza kwa karibu mwezi mzima, iwapo hatazungumza na mtu nyumbani mwake.

Hayo ni ya wenye kompyuta zao na intaneti isiyokatika. Ukielekea Kimali, mkoani Simiyu, kiporo cha gemu kina sura nyingine kabisa, na huenda sura hiyo ndiyo inayofundisha zaidi.

Simiyu ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Ni mkoa wa wakulima na wafugaji, na pamba ndiyo saa yake. Mbegu huingia ardhini mvua za mwisho wa mwaka zinaposhika, palizi hufuata, na msimu wa ununuzi hufunguliwa kuanzia Mei. Kijana wa huko hana muda wa kupoteza Januari, wala hana fedha ya kupoteza Machi. Vyote viwili hukutana kwa miezi michache tu ya kiangazi. Si ajabu kwamba hata mashindano ya ngoma za Kisukuma, ambamo Bagika na Bagalu hupimana ubavu mbele ya umati, yamezoeleka kufanyika baada ya mavuno.

Katika maeneo ya aina hiyo, kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Tanzania, mlango wa kuingilia kwenye gemu si duka bali ni kibanda. Ndani yake mna televisheni moja au mbili, mashine ya PlayStation, pedi za kuchezea zilizofungwa nyaya kwa gundi ya karatasi, na benchi la wanaosubiri zamu. Mchezaji hanunui gemu; hununua mechi. Anayefungwa hutoka, anayefunga hubaki, na aliyeko kwenye benchi hulipa ili aingie.

Mfumo huo una busara yake, kwa maana mashine moja huburudisha mtaa mzima. Lakini umeamua pia ni gemu ipi itachezwa na ipi italala. Gemu ya mpira humalizika kwa dakika kama kumi, huchezwa na wawili, na wengine kumi hutazama na kubishana bure. Gemu ya hadithi huchezwa na mmoja, haina mapumziko ya kueleweka, na benchi halina la kushangilia. Mwenye kibanda ambaye sanduku lake la diski lina gemu ishirini anaweza kupitisha mwaka mzima akizungusha mbili tu, zote za mpira. Zilizobaki ni viporo, ingawa wapo watu nje ya mlango wanaotamani kuzicheza.

Hesabu inaonyesha tatizo lilivyo. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa Oktoba 2004, huchukua takriban saa 30 kuimaliza hadithi yake. Tuseme mechi moja ya dakika kumi hulipiwa shilingi 300. Saa 30 ni sawa na mechi 180, yaani shilingi 54,000. Kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo iliyotangazwa na Serikali katika msimu wa mwaka 2019, hizo ni kilo 45 za pamba. Hakuna mzazi wa Kisukuma atakayesikia maelezo ya kwamba kilo 45 za pamba zimeishia kwenye hadithi ya mtu anayeendesha magari ya wizi.

Zaidi ya fedha, kuna suala la kumbukumbu. PlayStation 2, mashine iliyouzwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya milioni 155, haikuwa na mahali pa ndani pa kuhifadhia hatua aliyofikia mchezaji. Kazi hiyo hufanywa na memori kadi ndogo ya megabaiti 8, ambayo huuzwa peke yake. Kibanda kisicho na kadi, au chenye kadi moja inayofutwa na kila anayepita, humrudisha mchezaji mwanzo kila siku. Umeme nao ukikatika kabla hajahifadhi, saa mbili za kazi hupotea. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya mahali pengi ambako zamani palikuwa na koroboi, lakini nyaya kufika ni jambo moja na umeme kutokatika ni jambo jingine.

Kikwazo cha tatu ni lugha, na hiki huzungumzwa kidogo kuliko kinavyostahili. Gemu ya mpira haihitaji kusoma. Gemu ya hadithi huagiza: nenda kwa fulani, chukua hiki, usimwamini yule. Maagizo hayo huja kwa Kiingereza, Kijapani au Kifaransa, na ni nadra mno kukuta Kiswahili kwenye orodha ya lugha za kuchagua. Asiyeyaelewa huzunguka mtaa mmoja nusu saa nzima, kisha huomba awekewe mpira. Kichekesho ni kwamba Civilization IV ya mwaka 2005 hufunguliwa na wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kutokana na Sala ya Bwana. Mwaka 2011 ulikuwa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Kwaya ikishamaliza, gemu yenyewe haina Kiswahili kwenye orodha ya lugha za kuchagua.

Je, viporo hivyo vinaweza kuliwa? Wenye uzoefu wa jambo hili katika nchi zilizoendelea hushauriana kushika gemu moja kwa wakati, kuangalia mapema inahitaji saa ngapi, na kutoona haya kuiacha isiyopendeza. Tovuti ya HowLongToBeat, iliyoanzishwa mwaka 2011, hukusanya muda ambao wachezaji wenyewe wametumia, ili mtu ajue kama anaingia safari ya saa sita au ya saa mia moja. Ushauri wa kuacha ndio mgumu kuufuata, kwani aliyelipa huona anajidai mwenyewe.

Kwa kibanda, njia ni za hapohapo. Asubuhi za siku za kazi benchi huwa tupu na mashine imelala. Saa inayokodishwa kwa bei nafuu wakati huo humfaa mwenye mashine na mchezaji pia. Mchezaji akija na memori kadi yake mfukoni, hatua zake huondoka naye. Wawili wanaopokezana pedi katika gemu ya hadithi, mmoja akiwa anakijua Kiingereza na mwingine akiwa na vidole vyepesi, humaliza kile ambacho kila mmoja peke yake angekiacha katikati.

Simu nazo zimebadili mambo. Tangu mwaka 2012 ipo programu ya bure ya PPSSPP, inayoifanya simu ya Android iige mashine ndogo ya PSP ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 2004. Programu yenyewe ni halali, ila gemu zinazorushwa kutoka simu hadi simu aghalabu ni nakala zisizo na idhini, na hilo linagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Pamoja na doa hilo, ukweli ni kwamba gemu zilizokwisha kusahauliwa Tokyo na London zimepata wachezaji wapya vijijini, ambako zimefika zikiwa mpya machoni pa watu. Kilichokuwa kiporo cha wengine kimekuwa mlo wa moto.

Hapo ndipo penye hofu. Safari hiyo ya gemu, kutoka kwa mwenye nacho hadi kwa asiye nacho, iliwezekana kwa sababu diski hupita mkono kwa mkono. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa mwaka 2013, na gemu za sasa zinaelekea kuuzwa kwa intaneti pekee. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 huuzwa bila sehemu ya kutia diski. Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta huhitaji nafasi ya gigabaiti 150, wakati diski ya kawaida ya DVD hubeba 4.7. Anayenunua bando la intaneti la siku moja atakuwa babu kabla haijamaliza kupakuliwa.

Duka la intaneti pia likifungwa, viporo vyake huoza. Nintendo ilifunga maduka ya mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Mwaka huohuo taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani iliripoti kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena katika soko halali. Jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayowalazimisha wauzaji kumweleza mteja waziwazi kwamba anachonunua ni kibali cha kutumia, si mali yake.

Mfano uliowaamsha wengi ni The Crew, gemu ya mbio za magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotolewa mwaka 2014. Ilihitaji kuunganishwa na kompyuta za kampuni hata kwa anayecheza peke yake, na kompyuta hizo zilizimwa Machi 31, 2024. Walioinunua na kuiweka kwa siku watakayopata nafasi wanayo diski ambayo haifungui kitu. San Andreas ya mwaka 2004, hata ikiwa na mikwaruzo, ikitiwa kwenye PlayStation 2 nzima na umeme ukiwepo, bado inawaka.