Soko Jipya, Wateja wa Zamani

Migogoro ya uendelezaji wa katikati ya mji, ambayo hujirudia katika miji mingi ya Tanzania, ina sifa moja ya pekee, nayo ni kwamba pande zote mbili hudai kuutakia mji maendeleo. Halmashauri huleta michoro ya soko la ghorofa, stendi yenye paa na maegesho ya kisasa, na wafanyabiashara ambao ndio watakaoyatumia majengo hayo hukataa kuhama, jambo ambalo mtazamaji wa mbali hulihesabu kuwa ukaidi wa watu wasiopenda mabadiliko. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambako vituo vingi vya biashara vilizaliwa na barabara na mipaka kabla ya kuchorewa ramani yoyote, tafsiri hiyo inapotosha, kwa kuwa kinachobishaniwa si jengo bali mahali, na kwa mchuuzi mdogo mahali ni mtaji unaozidi thamani ya bidhaa zote alizozipanga mezani.

Historia ya Ngara inalithibitisha hilo kuliko nadharia yoyote ya uchumi. Mji wa Ngara wenyewe uko vilimani, nje ya njia kuu ya malori, na biashara ya njia hiyo ikajikusanya Benaco, katika kata ya Kasulo, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban siku moja, na kambi ya Benaco ikageuka ghafla kuwa mkusanyiko wa watu uliozidi ukubwa wa miji mingi ya nchi wakati huo. Kisha Desemba 1996 wakimbizi hao wakarudishwa kwao, na soko lililokuwa limechipuka juu ya mgongo wao likapoteza wanunuzi katika muda wa wiki chache. Wafanyabiashara wa Ngara, kwa hiyo, hawahitaji kuelezwa na mtaalamu kwamba wateja wanaweza kuondoka huku vibanda vikibaki vimesimama.

Biharamulo nayo, ambako Wajerumani walijenga boma lao mwanzoni mwa karne ya 20, iko kwenye njia ya mabasi yanayotoka Bukoba kuelekea Mwanza, Kahama na Dar es Salaam. Ndani ya wilaya hiyo vituo vyenye shughuli nyingi vimejipanga kando ya lami: Nyakahura, Lusahunga, ambako barabara ya Rusumo huungana na ile itokayo Biharamulo mjini, na Nyakanazi, ambako njia ya Kibondo na Kigoma huachana na ile ya Kahama. Katika vituo vya namna hii mnunuzi ni abiria mwenye dakika kumi, utingo anayetafuta chai na mkate, au dereva wa lori anayesubiri karatasi zake, na hakuna hata mmoja wao atakayetembea nusu kilomita kulifuata soko jipya kwa sababu tu lina vigae sakafuni.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 2016 na Marais John Magufuli wa Tanzania na Paul Kagame wa Rwanda, kinaeleza upande mwingine wa jambo hilo. Kituo cha pamoja ni utaratibu ambao msafiri au shehena hukaguliwa mara moja tu na maofisa wa nchi zote mbili waliokaa chini ya paa moja, badala ya kusimama mara mbili, na faida yake kwa taifa ni dhahiri kwa kuwa muda wa safari hupungua. Hata hivyo, muda huo unaookolewa na mwenye shehena ndio ambao mama lishe alikuwa akiuuza, kwani dereva aliyelala mpakani siku mbili alikula milo sita, na anayepita kwa saa mbili huenda asinunue hata chupa ya maji. Mradi unaweza kuwa mzuri kwa hesabu zote na bado ukawa na watu unaowatoa jasho bure, na kulisema hilo si kuupinga.

Sababu zinazozisukuma halmashauri kwenye miradi hii zinastahili kuelezwa kwa haki, kwa kuwa nazo si za anasa. Halmashauri za wilaya, zilizoundwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka Hazina, na kile kinachoitwa mapato ya ndani, yaani ushuru, ada na kodi zinazokusanywa na halmashauri yenyewe, kwa wilaya za wakulima kilitegemea mno ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru huo kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, hatua iliyowapa wakulima nafuu na kuziachia halmashauri pengo. Njia iliyobaki ya kuliziba ilikuwa kujenga vitega uchumi: stendi inayotoza kila basi linaloingia, na soko lenye fremu, yaani vyumba vya duka, zinazopangishwa kwa mwezi. Ndipo jina la miradi ya kimkakati lilipoenea, likimaanisha miradi ambayo Hazina huigharimia kwa sharti kwamba itaifanya halmashauri ijitegemee. Hapo hapo ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu jengo lililojengwa ili kuongeza mapato haliwezi kupangishwa kwa bei ya kibanda cha mbao.

Mgogoro ulio karibu zaidi na wilaya hizi, na ambao ulitikisa mkoa mzima hata kabla ya ushuru wa mazao kupunguzwa, ni ule wa Soko Kuu la Bukoba. Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba, chini ya Meya Anatory Amani, ilikusudia kulibomoa soko hilo lililo katikati ya mji na kujenga la kisasa mahali pake, pamoja na kutekeleza miradi mingine iliyozua maneno, ukiwamo wa upimaji wa viwanja. Wafanyabiashara waliotakiwa kupisha ujenzi hawakulalamikia wazo la soko jipya. Hoja yao ilihusu maswali ambayo michoro haikuyajibu: wangepelekwa wapi kwa muda wa ujenzi, nani angerudi, kwa kodi gani, na kwa mkataba ulioandikwa na nani.

Upinzani huo ulipata nguvu ulipoingia ndani ya chama tawala. Mbunge wa Bukoba Mjini, Khamis Kagasheki, ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri wa Maliasili na Utalii, alisimama upande wa wanaoitilia shaka miradi ya meya, na madiwani wa CCM wakagawanyika kiasi kwamba vikao vya baraza vikawa havikaliki. Agosti 2013 CCM mkoani Kagera iliwavua uanachama madiwani wanane waliokuwa wakimpinga meya, uamuzi ambao ungewaondolea udiwani na kulazimisha uchaguzi mdogo katika kata zao, lakini mwezi huohuo Kamati Kuu ya chama ikautengua. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake ni kuchunguza namna fedha za umma zinavyotumika, aliagizwa kuikagua manispaa, na Januari 2014 matokeo yalipowekwa hadharani meya akatangaza kujiuzulu. Uchaguzi Mkuu wa 2015 ulifika soko jipya likiwa halijasimama, na katika uchaguzi huo kiti cha ubunge kilichukuliwa na Wilfred Lwakatare wa CHADEMA.

Ingekuwa rahisi kuisoma habari hiyo kama ugomvi wa wakubwa wawili tu, na wengi waliisoma hivyo. Lakini ugomvi wa wakubwa haupati mafuta bila kuni za chini, na kuni zilikuwa zile meza za sokoni ambazo wenye kuzikalia hawakuwa na karatasi ya kuwalinda. Ni vyema wafanyabiashara wa Ngara na Biharamulo waisome habari ya Bukoba kutokea hapo, yaani kwenye suala la hadhi ya kisheria ya kizimba.

Kizimba, ile nafasi iliyotengwa ndani ya soko la umma, hakina hati. Anayekikalia ni mpangaji wa halmashauri, pengine kwa mkataba wa mwaka, pengine kwa risiti ya ushuru wa kila siku, na leseni aliyonayo chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972 humruhusu kufanya biashara bila kumpa haki yoyote juu ya ardhi anayoifanyia. Halmashauri inapoamua kubomoa soko lake, kisheria haitwai ardhi ya mtu. Inasitisha upangaji katika mali yake. Kwa sababu hiyo ule mlolongo wa fidia ambao wananchi wameuzoea katika miradi ya barabara na migodi haumfikii muuza dagaa wala fundi cherehani, hata kama amekaa hapo kwa miaka ishirini.

Mambo huchanganyika zaidi katika miji ambako halmashauri iliwaruhusu wafanyabiashara wajenge vibanda kwa fedha zao juu ya kiwanja cha umma, kwa makubaliano kwamba watavitumia kwa kodi ndogo mpaka gharama zao zirudi, kisha vikabidhiwe. Miaka hupita, mjenzi wa kwanza humpangisha mwingine kwa bei ya juu, naye wa pili humkaribisha wa tatu, na siku ya kubomoa kila mmoja hujitokeza kuwa mwenye kibanda. Halmashauri husema kwamba madalali ndio wanaopinga mradi, na mara nyingine husema kweli. Tatizo ni kwamba kauli hiyo hutumika pia kumfuta yule wa tatu, ambaye ndiye anayeuza.

Walio na nyumba na fremu kwenye viwanja vyao wenyewe wako katika hali iliyo bora kidogo. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili, na kanuni za 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 zinataja mafungu yake: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, pango la makazi, na hasara ya faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi ikizidishwa kwa miezi 36. Kwa mfano, duka linalobakiza shilingi 150,000 kwa mwezi lingestahili shilingi 5,400,000 kwa fungu hilo pekee. Faida hiyo, hata hivyo, hutakiwa kuthibitishwa, inapobidi kwa hesabu zilizokaguliwa, na wenye maduka wengi wa miji midogo hesabu zao ziko kwenye daftari la wadaiwa na kichwani. Aliyezoea kumwonyesha mtoza kodi biashara ndogo hujikuta siku ya uthamini akitamani kuonyesha kubwa, na mthamini hana budi kuamini karatasi.

Kando ya barabara kuu kuna kifungu kingine kinachouma. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Majengo yaliyoko ndani ya mpaka wa zamani huwekewa alama nyekundu ya X bila fidia, na yale yaliyoangukia katika mita 7.5 zilizoongezwa huwekewa ya kijani, wenyewe wakisubiri kulipwa. Katika vituo vinavyoishi kwa kuitazama lami, ukanda huo ndio wenye biashara, kwa hiyo mpango wa mji unaowasogeza watu nyuma ya mstari huwapeleka pale ambapo abiria hafiki.

Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 inataka wadau washirikishwe katika kuandaa mpango wa mji, ukiwamo mpango kabambe, ambao ni mchoro mkuu unaoonyesha makazi, masoko na barabara vitakaa wapi kwa miaka mingi ijayo. Ushirikishwaji huo, kwa bahati mbaya, mara nyingi huja mchoro ukiwa umeshakamilika, mkutano ukaitishwa ili watu waarifiwe na mahudhurio yao yakahesabiwa kuwa ridhaa. Laiti wachuuzi wangeulizwa mapema, wangesema jambo ambalo Machinga Complex ya Ilala, jijini Dar es Salaam, ililithibitisha kwa gharama kubwa. Jengo hilo la ghorofa, lililojengwa kwa mkopo wa NSSF na kukamilika 2010 kwa ajili ya wamachinga, lilibaki kwa miaka na nafasi nyingi tupu, kwa kuwa mteja wa mchuuzi hununua akipita na hapandi ngazi kutafuta soksi, huku deni la mkopo likiendelea kukua. Biharamulo na Ngara hazina idadi ya wapita njia wa Ilala; ghorofa ya pili huko ingesubiri mteja kwa muda mrefu zaidi.

Madai ya wafanyabiashara katika migogoro ya aina hii hayabadiliki sana kutoka mji mmoja hadi mwingine: orodha ya wenye vizimba ihakikiwe na kubandikwa ukutani kabla ya tingatinga kufika, eneo la muda liwe na maji, vyoo na njia ya daladala au bodaboda, kodi mpya itajwe kwa shilingi kabla ya mkataba wa mkandarasi kusainiwa, na stendi isihamishwe mwaka uleule soko linapobomolewa. Dai hilo la mwisho ndilo linalosahaulika upesi, ingawa stendi na soko katika miji hii hulishana. Abiria humwacha mwuza ndizi na pesa, naye mwuza ndizi huzipeleka kwa mwenye duka la vitenge, ambaye jioni hupanda basi lilelile kurudi Nyakahura.