Kwa nini ukisema Kifaransa Montreal unajibiwa kwa Kiingereza?

Tuseme umepata nafasi ya kusoma Montreal. Umetokea Arusha au Eldoret, Kiingereza umekisoma tangu utotoni, na chuo kilichokupokea, iwe McGill au Concordia, kinafundisha kwa Kiingereza. Unajiambia lugha haitakusumbua. Wiki ya kwanza unaingia duka la mikate. Njia nzima umekuwa ukifanya mazoezi ya sentensi yako moja ya Kifaransa, unaitoa bila kukosea hata neno, na muuzaji anakujibu kwa Kiingereza safi kabisa. Bei umeielewa, mkate umepata, ila nafasi ya kujifunza imeshakupita na huna hata wa kumlaumu.

Karibu kila anayeishi Quebec kwa Kiingereza yamemkuta haya, na wengi huyatafsiri vibaya. Wapo wanaosema ni dharau. Wapo wanaosema basi, kumbe Kifaransa hakihitajiki. Maelezo yote mawili hayafiki mbali. Montreal ni kati ya miji ambayo watafiti wa isimujamii na saikolojia ya lugha wameichimba sana, kwa zaidi ya miaka 60 sasa, kwa hiyo tunayo majibu bora kuliko hayo.

Tuanze na hesabu kidogo. Kwa sensa ya 2021 Quebec ilikuwa na watu takriban milioni 8.5, na karibu robo tatu yao lugha mama ilikuwa Kifaransa. Wenye Kiingereza kama lugha mama hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Lakini panua ramani uone: ukijumlisha Kanada yote na Marekani, Kifaransa ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Kiingereza. Ndiyo maana kwenye kaunta ya duka hilo kila mmoja anaweza kujiona mnyonge kwa haki kabisa. Wewe ni mchache ndani ya jimbo, yeye ni mchache ndani ya bara. Ukilisahau hili, hutaelewa siasa za lugha za kule hata siku moja.

Hesabu nyingine: ndani ya Quebec karibu nusu ya watu wanaweza kuzungumza Kifaransa na Kiingereza, wakati nje ya Quebec ni kama mmoja tu kati ya kumi. Kwa wale wenye Kiingereza kama lugha mama, wawili kati ya watatu wanazimudu zote mbili. Kwa hiyo muuzaji wa katikati ya jiji kuwa na lugha zote mbili ni jambo la kawaida.

Sawa, lakini amejuaje? Hujatamka neno la Kiingereza hata moja.

Hapa sikio la binadamu linashangaza. Mwaka 1984 mtafiti James Flege alichapisha majaribio ambayo Wamarekani walisikilizishwa vipande vya Kiingereza kilichotamkwa na Wamarekani wenzao na na Wafaransa. Vipande vilikatwa vikawa vifupi zaidi na zaidi, hadi milisekunde 30 hivi, yaani mwanzo tu wa sauti t, irabu bado haijaanza. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Bado wasikilizaji waliitambua lafudhi ya kigeni kwa kiwango kinachozidi kubahatisha.

Wanasikia nini? Weka kiganja mbele ya mdomo. Kwenye Kiingereza, t ya mwanzo wa neno hutoka na pumzi, utaihisi mkononi. Kwenye Kifaransa pumzi hiyo haipo. Mtu wa Mombasa au Unguja anaijua tofauti hii hata kama hajawahi kuipa jina: paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini anayo. Ubongo uliokulia lugha fulani unapima pumzi hiyo bila kuombwa, na ukikuta imezidi kidogo tu, taarifa imeshafika: huyu si wa hapa. Kwako wewe wa Eldoret huenda si pumzi ya t, huenda ni irabu zako au mahali unapoweka mkazo, lakini mchakato ni uleule. (Kuna jambo la kuchekesha pia: Wahaiti ni wengi Montreal, na Wakongo wapo, kwa hiyo mtu mweusi anaweza kuanziwa kwa Kifaransa, kisha akifungua mdomo ageuziwe.)

Kutambua ni kitu kimoja, kubadili lugha ni kingine. Hapo ndipo tunamhitaji Howard Giles. Mwaka 1973, pamoja na Donald Taylor na Richard Bourhis, alichapisha utafiti kutoka huko huko Quebec kuhusu jinsi watu wanavyosogeza usemi wao kumwelekea mwenzao. Waligundua kwamba Waingereza wa Montreal (tuwaite hivyo kwa ufupi) walimpenda zaidi Mfaransa wa Quebec aliyejitahidi kuwasemesha kwa Kiingereza, na walipopewa nafasi ya kumjibu nao walijitahidi kwa lugha yake. Yaani kusogea ni zawadi, na zawadi hurudishwa. Sisi wenyewe tunafanya hivyo. Mgeni akifika Kariakoo na Kiswahili chake cha kitabuni, tunamjibu kwa Kiingereza tukidhani tumemrahisishia maisha, na yeye anaondoka amenyong'onyea.

Basi ukarimu ni sehemu ya jibu. Ila si jibu lote, maana lazima tuulize kwa nini anayesogea ni huyu na si yule.

Mwaka 1960 Wallace Lambert na wenzake wa McGill walifanya jaribio ambalo hadi leo linafundishwa kila mahali. Waliwapa wanafunzi wa Montreal, wa Kiingereza na wa Kifaransa, sauti za kusikiliza, wakawaomba wampime kila msemaji: ana akili? anaaminika? ni mrefu? ana sura nzuri? Wanafunzi hawakuambiwa kwamba baadhi ya sauti ni za mtu mmoja, mara akisoma kwa Kiingereza, mara kwa Kifaransa. Mtu yuleyule alionekana bora katika sifa nyingi aliposoma kwa Kiingereza. Kwa wasikilizaji wa Kiingereza hilo linatarajiwa. Kilichowashtua watafiti ni kwamba wasikilizaji wa Kifaransa nao waliipendelea sauti ya Kiingereza, na kwa baadhi ya sifa kuliko hata Waingereza wenyewe. Mtu yuleyule, akisema lugha yao, alipungua hadi urefu.

Hao vijana hawakuzaliwa hivyo. Montreal ya wakati ule, viwanda vikubwa na mabenki viliendeshwa kwa Kiingereza, na tume ya kitaifa ya miaka ya 1960 kuhusu lugha mbili ilionyesha kwamba wenye asili ya Kifaransa walikuwa karibu na mkia kwa mapato ndani ya jimbo ambalo wao ndio wengi. Mwenye Kiingereza aliweza kuishi maisha yake yote bila kujifunza lugha ya jirani. Mwenye Kifaransa aliyetaka kupanda cheo hakuwa na uhuru huo. Kugeuza lugha mbele ya Mwingereza ilikuwa adabu, ndiyo, lakini adabu iliyofunzwa na mshahara.

Mwaka 1977 ukaja Mkataba wa Lugha ya Kifaransa, unaojulikana kama Sheria 101. Kifaransa kikawa lugha ya kazi na biashara, na watoto wa wahamiaji wakaelekezwa shule za Kifaransa. Bourhis aliona hii ni maabara ya wazi. Kuanzia 1977 hadi 1997 yeye na wenzake walimtuma msemaji hodari wa lugha zote mbili kuuliza wapita njia maswali ya njia katikati ya Montreal, mara kwa Kifaransa, mara kwa Kiingereza. Mwanzoni Wafaransa wa Quebec karibu wote waliouliziwa kwa Kiingereza walijibu kwa Kiingereza, lakini sehemu kubwa ya Waingereza walioulizwa kwa Kifaransa walibaki na lugha yao. Kufikia 1997 Waingereza karibu wote walijibu kwa Kifaransa. Na Wafaransa je? Bado karibu wote waligeukia Kiingereza. Sheria ilibadilisha tabia ya upande mmoja. Desturi ya upande wa pili haikutikisika.

Kwa maoni yangu hilo ndilo tokeo muhimu kuliko yote hapa, maana linaeleza kwa nini serikali ya Quebec haijatulia. Mwaka 2017 Bunge la Quebec lilipitisha kwa kauli moja azimio la kuwasihi wafanyabiashara wasalimie kwa "Bonjour" peke yake, bila kuongeza salamu ya Kiingereza nyuma yake. Nje ya nchi watu walicheka: bunge zima linajadili salamu? Lakini soma kazi ya Monica Heller, aliyechunguza mazungumzo ya Montreal, yakiwemo ya hospitali, miaka ya mwishoni mwa 1970. Anaonyesha kwamba kule neno la kwanza ni mapatano, watu wanapimana nani ni nani kabla hawajafika kwenye shida iliyowaleta. Salamu ya lugha mbili inamwachia mteja uamuzi. Kwa mwenye Kiingereza huo ni ukarimu, na kwa mwenye Kifaransa ni kuulizwa, nyumbani kwako, kama unataka kuhudumiwa kwa lugha yako.

Wewe mwanafunzi hii inakuhusu moja kwa moja. Sheria 96 ya mwaka 2022 inasema mhamiaji akitimiza miezi sita, ofisi za serikali ya jimbo zitawasiliana naye kwa Kifaransa tu, isipokuwa mambo kama afya na usalama wa umma. Muuzaji wa mikate anakupeleka kwenye Kiingereza kila siku, na barua ya serikali haitakupeleka. Unaweza kukaa mwaka mzima ukihudumiwa vizuri na ukafika siku ya barua huna lugha ya kuisoma. Huo ndio mtego, na hakuna aliyekutegea kwa makusudi.

Ubaya zaidi, Kifaransa ulichojifunza nyumbani hakitakuwa kile unachokisikia. Quebec t na d zinabadilika mbele ya i na u ya Kifaransa: "tu" inasikika kama "tsu", "mardi" kama "mardzi". Gari ni "char". Na majina ya milo yamesogea: "déjeuner" ni kifungua kinywa, "dîner" ni chakula cha mchana, "souper" cha jioni. Ukialikwa "dîner" ukafika saa mbili usiku, utakuta vyombo vimeshakauka. Kelele nazo zinaadhibu lugha ya pili kuliko ya kwanza, kwa hiyo mkahawa wenye muziki ni mahali pabaya pa kuanzia. Anza pale penye utulivu.

Je, mtu hujifunzaje kwenye mji unaomgeuzia lugha? Mwaka 1965 wazazi wa Kiingereza wa Saint-Lambert, kitongoji ng'ambo ya mto kutoka Montreal, waliona hatari hiyo kwa watoto wao na kuishinikiza shule ifungue chekechea ya Kifaransa kitupu. Lambert (jina limegongana tu na la kitongoji) na Richard Tucker waliwafuatilia watoto kwa miaka. Kiingereza chao hakikuporomoka, masomo hayakurudi nyuma, na Kifaransa chao kikawa kizuri sana ingawa hakikufikia cha wazawa. Siri ilikuwa rahisi: darasani hapakuwa na mlango wa kutokea.

Mtu mzima hana chekechea, lakini anaweza kupima wiki yake. Jason Gullifer na Debra Titone wa McGill wanatumia entropia, kipimo kilichotoka nadharia ya habari ya Claude Shannon, kuonyesha lugha zako zinagawanaje muda. Ukitumia moja tu, unapata 0. Ukigawa nusu kwa nusu, 1. Kiingereza asilimia 90 na Kifaransa 10 inakupa 0.47. Kizuri cha kipimo hiki ni kwamba unakihesabu kwa kila mahali: chuoni, kazini, nyumbani, sokoni. Wanafunzi wengi watakuta chuoni ni karibu sifuri, na hapo haibadiliki, kwa hiyo ni kazi ya kujitolea, timu ya mpira au kanisa ndivyo vya kusogeza.

Ukiwa na lugha tatu zilizogawana sawasawa, kilele kinapanda hadi 1.58. Mtu wa Bukavu au Goma anayefanya kazi Montreal kwa Kifaransa, anasoma kwa Kiingereza na kupiga simu nyumbani kwa Kiswahili hayuko mbali na hapo. Mtafute huyo. Mwombe nusu saa ya Kifaransa kwa wiki, na mkubaliane kwamba ukikwama utamuuliza kwa Kiswahili. Kiingereza hakitakuwa na pa kuingilia.